Sisi wa juu nasi tunaishi bondeni

Mwezi wa tatu mwaka jana niliteremka kumsalimia shangazi yangu, anayeishi katika kijiji kilicho chini kabisa ya mteremko wa uwanda wa Makonde, nikamkuta yeye na wanawake wengine watano wamefunga khanga juu ya magoti, wakizoa mchanga ndani ya sanduku la zege linalokinga chemchemi yao. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, na kufikia saa mbili asubuhi bomba la chemchemi lilikuwa halitoi hata tone. Walizoa karai kumi na tatu kabla maji hayajaanza kutiririka tena, kwanza mekundu kama chai ya rangi iliyokolea, kisha ya manjano, kisha meupe. Shangazi alichota mchanga wa karai la mwisho, akaufinya, akanifungulia kiganja. Udongo wa kando ya chemchemi ile ni mweusi, wa mfinyanzi, unaonata. Ule uliokuwa mkononi mwake ulikuwa mwekundu na laini, wala haukushikana. "Huu si wetu, Mwalimu," akasema. "Huu ni wa kwenu huko juu. Mngekuja na magunia mkauchukua."

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na sijui ni mara ngapi nimechora ubaoni mzunguko wa maji pamoja na mishale yake yote. Hata hivyo sikuwahi kuonyeshwa waziwazi kiasi kile kwamba senta ya kijiji chetu kilichoko wilaya ya Newala, pamoja na mashamba yetu ya mikorosho, ndiyo inayoamua kama shangazi yangu atapika mapema au atachelewa.

Kwa msomaji asiyezifahamu sehemu hizi, uwanda wa Makonde ni mwinuko mpana unaobeba Newala na Tandahimba, ambao upande wake wa magharibi hufikia mita 700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka taratibu kuelekea pwani. Juu yake hakuna mito. Umetandikwa mchanga mwekundu na mawe ya mchanga kwa kina kirefu, na mvua inaponyesha huzama upesi, ikapenya polepole hadi inapokutana na tabaka lisiloipitisha, ndipo ikatafuta njia ya kutokea pembeni, chini ya miteremko. Chemchemi za Ndanda na maji ya Mitema ni sehemu ya habari hiyo hiyo moja. Wazee wetu husimulia kwamba wahenga waliagizwa wakae juu, mbali na maji, kwa kuwa mabondeni ndiko yaliko magonjwa. Agizo hilo walilitii, na gharama yake wakailipa bibi zetu, waliokuwa wakitoka alfajiri na mitungi kichwani na kurudi jua likiwa limesimama utosini. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, uliochukua maji ya Mitema kule chini na kuyasukuma kwa pampu hadi vijijini juu. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa, lakini ukiitazama kwa utulivu utaona jambo la ajabu kidogo: mvua hunyesha juu ya vichwa vyetu, tunaiacha ishuke mamia ya mita, kisha tunanunua umeme wa kuipandisha tena.

Nadhani neno bonde lenyewe linatupotosha. Kwa mtu wa kawaida bonde ni pale chini penye mpunga, matope na mbu, na mtu wa Newala atakuambia kwa fahari kwamba yeye si wa bondeni. Wataalamu wa maji wanapolitumia neno hilo wanakusudia eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja au pwani moja, kuanzia kwenye vilele hadi kwenye mdomo wa mto. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya namna hiyo, na letu huitwa Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo bodi yake ya maji ina makao yake hapa Mtwara. Ndani yake umo Ruvuma wenyewe, unaoanzia katika milima ya Matogoro karibu na Songea na kusafiri kiasi cha kilomita 800, huku sehemu kubwa zaidi ya ardhi inayoulisha ikiwa upande wa Msumbiji. Imo pia mito inayokwenda baharini peke yake, yaani Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji na Matandu. Kwa hesabu hiyo, aliyejenga kwenye ukingo wa Shimo la Mungu pale Newala, ambapo ardhi huporomoka ghafla kuelekea Ruvuma, anaishi bondeni sawasawa na mvuvi wa Msimbati kule pwani.

Kinachotushinda ni kwamba ardhi tunaigawa kwa mipaka mingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake, na mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Maji yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, yenye bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Kila upande una ofisi yake, ramani yake na mwaka wake wa fedha, na kijiji ndicho kinachotakiwa kuziunganisha, mara nyingi bila kuambiwa. Maji ya chanzo cha Mbwinji hunywewa Masasi, ambayo ni mkoa wa Mtwara, na Nachingwea, ambayo ni mkoa wa Lindi. Hayaulizi mpaka wa mkoa, na sioni kwa nini yaulize mpaka wa kitongoji.

Miaka michache iliyopita kijiji chetu kiliandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi, nami nikachaguliwa kuwa mjumbe wa kamati, nadhani kwa sababu ninaweza kusoma ramani bila kuigeuza. Tulitembea mipaka yote kwa miguu, tukabishana na majirani kuhusu mwembe mmoja mkubwa, tukatandika karatasi sakafuni katika ofisi ya kijiji na kuanza kupaka rangi: makazi, mashamba, msitu wa kijiji, makaburi, eneo la shule. Rangi ya buluu ilikuwa ya vyanzo vya maji. Kwa kuwa kijiji chetu hakina mto wala chemchemi, kalamu ya buluu ilirudi ndani ya boksi bila kufunguliwa kifuniko. Hakuna aliyeuliza mvua ya kijiji kizima inakwenda wapi, na mwalimu wa jiografia aliyekuwapo pale naye hakuuliza.

Katika ramani hiyo hiyo tulitenga eneo la senta mpya ya biashara kando ya barabara, karibu na ukingo wa uwanda, kwa sababu pale ni tambarare na hewa ni nzuri. Bei ya korosho ilipokuwa nzuri watu walijenga kwa bati, na senta ikajaa haraka. Halafu barabara ikachongwa, na mkandarasi, ambaye sina haja ya kumtaja, akaukusanya mkondo wote katika mtaro mmoja, akaufikisha ukingoni, akauachia hapo hapo pasipo mawe wala ngazi za kuvunja kasi, akapakia greda lake akaondoka. Katika mvua za kwanza mtaro ule ulichimba mfereji wa kuruka kwa mguu mmoja. Leo ni korongo ambalo mbuzi akiingia hatoki mwenyewe, na mkia wake unaishia hatua chache tu juu ya sanduku la chemchemi la shangazi.

Hesabu yake si ngumu, na nilikuwa nikiwapa wanafunzi wa kidato cha pili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa 9 ina paa la mita za mraba 54. Mvua ya jioni moja yenye milimita 50 humwaga juu yake lita 2,700. Chukua nyumba mia za namna hiyo, na utapata lita 270,000 katika jioni moja, zinazoanguka juu ya bati na kukimbilia barabarani iliyoshindiliwa na magari ya mizigo. Kabla ya senta kuwapo, maji hayo yalikuwa yakiangukia kichaka na kuzama pale pale yalipodondoka.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Kusini kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na jumla ya mwaka huzungukia milimita 1,000. Paa lile lile la mita za mraba 54 hupokea lita 54,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayoruka, yanayovuja na yale ya kwanza ya kuoshea vumbi, zinabaki kama lita 43,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia dumu la lita 20 kwa siku, inahitaji lita 120, kwa hiyo paa hilo linaitosheleza karibu mwaka mzima, mradi pawepo pa kuyaweka. Kwa siku 200 za kiangazi zinahitajika lita 24,000, ambazo ni kisima cha duara chenye upana wa mita 3 na kina cha mita 3 na nusu, kilichosakafiwa vizuri kwa saruji na kufunikwa. Visima vya namna hii si jambo geni Newala na Tandahimba. Vipo uani kwa watu wengi, na katika miezi mikavu wenye navyo huwauzia wasio navyo. Wengi wao, hata hivyo, hufunga mlizamu, ambao mafundi wetu huuita gata, upande mmoja tu wa paa, na upande wa pili huuachia barabara.

Ninaposikia maneno usimamizi jumuishi wa ardhi na maji, ambayo yametamkwa katika semina nyingi hadi yamechuja kama kitenge cha mtumba, mimi huona mlizamu ule wa upande wa pili. Ukifungwa, familia inapata maji, pampu ya kule chini inapumzika kidogo, korongo linapoteza chakula chake, na shangazi yangu anachota maji badala ya mchanga. Idara nne zingeweza kugombania kuuandika katika taarifa zao. Mwaka 1992 mataifa yalipokutana Rio de Janeiro na kupitisha Ajenda 21, yaani mpango wa dunia wa mazingira na maendeleo, usimamizi jumuishi wa ardhi uliwekwa katika sura ya 10 na maji baridi katika sura ya 18. Kila sura inahimiza muungano na nyingine, lakini kati yao kuna sura saba. Umbali huo umesafiri hadi katika ofisi zetu.

Nirudi kwenye sheria, kwa sababu kuna jambo linaloeleweka nusu. Kila mtu kijijini anazijua mita 60. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya umbali huo kutoka kwenye chanzo cha maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kizuizi cha umbali huo huo kwa kingo za mito, maziwa na bahari. Katika kijiji cha shangazi mita 60 zimepimwa, vigingi vimesimikwa, na watu wanaviheshimu. Hata mgomba hauoti pale. Lakini mita 60 zinalinda mdomo wa chemchemi, na chakula chake kinatayarishwa kilomita kadhaa mbali, juu ya uwanda, na watu ambao hawajawahi kuiona. Sheria hiyo ya 2009 inatoa nafasi ya kutangaza maeneo mapana zaidi ya hifadhi na maeneo ya udhibiti wa maji ya ardhini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inaruhusu vijiji viwili au zaidi kufanya makubaliano ya pamoja kuhusu matumizi ya ardhi, ingawa makubaliano hayo yamezoeleka zaidi katika maeneo ya malisho. Zana zipo, tena ndani ya sheria zilizokwisha pitishwa.

Hapa lazima niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji wangu wapanda miti. Tumezoea kusema kwamba miti huleta maji, na katika mabango ya wiki ya maji hilo husemwa kama aya ya kitabu kitakatifu. Mti hunywa, tena hunywa sana, na katika udongo wa mchanga kama wetu kuna wakati ambapo ardhi yenye miti mingi huachia maji machache zaidi kwenda chini kuliko ardhi yenye majani mafupi. Kinachohitajika na chemchemi ni udongo uliolegea, usioshindiliwa wala kuchomwa, uliofunikwa na majani makavu yanayopokea tone la mvua kabla halijapiga ardhi. Msitu huyafanya haya yote bila kulipwa, ndiyo maana unastahili heshima. Lakini shamba la mikorosho lililoachiwa majani yake chini, lisilofagiwa na kuchomwa, linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Nilijaribu mwenyewe. Nilikata kitako cha kopo la rangi la lita nne, nikalididimiza kidogo katika ardhi ya kichaka nyuma ya shamba langu, nikamimina lita moja ya maji; kabla sijahesabu hadi hamsini yalikuwa yamezama. Nikahamia chini ya mkorosho ambao kijana wangu hufagia na kuchoma majani yake kila mwaka ili korosho zikidondoka zionekane. Pale nilihesabu hadi mia tatu na zaidi, maji yakipungua kwa uvivu juu ya utando mwembamba mgumu kama ukoko wa wali. Mwisho nilikwenda kwenye njia ya pikipiki, nikamimina, nikahesabu, nikachoka, nikakaa kwenye kivuli nikamaliza maongezi na jirani, niliporudi kopo bado lilikuwa na maji. Kijana wangu, aliyekuwa akinitazama kama mtu anayemtazama baba yake akizeeka, alichukua kopo akarudia mwenyewe. Mwaka huu hakuchoma. Amekusanya majani katika mistari inayokingama na mteremko, na anaokota korosho kati ya mistari.

Kuhusu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nitasema kidogo. Tunaipuliza kuanzia kiangazi kinapokolea ili kuzuia ukungu wa majani na maua, na bila hiyo wengi wetu hatuvuni kitu. Ile inayoanguka chini hugeuka asidi taratibu, na mchanga hauna nguvu ya kuipooza kama ulivyo udongo wa mfinyanzi. Mpulizaji anayesubiri upepo utulie na kuelekeza bomba kwenye mti anaokoa fedha yake kwanza. Vyoo vya shimo ni habari hiyo hiyo, kwa sababu udongo unaopitisha mvua upesi hupitisha na mengine.

Mikoa hii ina kumbukumbu ya mpango wa ardhi uliochorwa bila kuiuliza mvua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakafyeka mapori kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya mzigo ambao haukuja, na mwaka 1951 wakaufunga. Bandari imebaki nasi na tunaitumia. Lakini ardhi ilipimwa kwa ekari za kwenye karatasi, na mvua ilitarajiwa ifuate.

Upande wa Lindi somo ni jingine, na kule mto ndio unaozungumza. Mwishoni mwa Januari 2020 mafuriko yaliingia Kilwa na sehemu nyingine za mkoa, yakachukua maisha na mashamba, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika katika eneo la Somanga, nasi wa Mtwara tukajikuta kisiwani. Mvua za namna ile zingefurika hata kama kila kichaka kingekuwa mahali pake. Hata hivyo, mapori ya huko yamefyekwa kwa ajili ya ufuta, ambao mkulima huuhamishia pori jipya nguvu ya udongo inapoisha, na wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu kuanzia mwaka 2006 walielekezwa Lindi pamoja na mifugo yao, mara nyingi kabla ya wenyeji kuwa na mpango wowote wa malisho na maji ya kunyweshea. Mkulima na mfugaji wanapogombana kando ya mto, gazeti huandika ugomvi wa makabila, na mimi huona ramani ambayo haikuchorwa kwa wakati.

Mwezi wa saba tulikutana wajumbe wa vijiji viwili, sisi wa juu na wao wa chini, chini ya ule mwembe tuliougombania. Mikutano ya namna hii huanza kwa lawama, na huu haukuwa tofauti; mzee mmoja wa kwetu aliuliza kwa nini tuchimbe mashimo kwa ajili ya maji ambayo hatuyanywi, na mwenyekiti wa kule chini akamjibu kwamba bomba la Mitema analolinywa limetoka wapi kama si chini. Baada ya hapo tulielewana. Tulikubaliana kwamba mtaro wa senta ugawanywe katika matoleo sita badala ya moja, kila toleo liishie kwenye shimo lililojazwa mawe. Kwamba kibali cha kujenga duka kitolewe kwa mwenye mlizamu pande zote mbili za paa. Na kwamba ukingo wa uwanda, upana wa hatua mia mbili, usilimwe wala kuchomwa. Wa chini walileta vijana kumi wenye sepetu, sisi tukatoa mawe na ugali. Mashimo manne yalikamilika kabla ya mvua, mawili bado. Katika ramani ya kijiji nimeomba kalamu ya buluu na kuipaka juu ya senta yote, jambo lililomfanya ofisa mmoja aniulize kama sijakosea.

Jumapili iliyopita shangazi alinipigia simu. Walifungua sanduku la chemchemi baada ya mvua, wakatoa karai nne. Akaongeza kwamba mvua za mwaka huu zimekuwa chache, kwa hiyo nisianze kujisifu.